Sura ya Sita: Mgeni wa Siku Tatu

Ratiba za makongamano ya wanafunzi yanayofanyika Dar es Salaam zinafanana sana. Siku ya kwanza ni ufunguzi: mgeni rasmi, hotuba, picha ya pamoja kwenye ngazi. Siku ya pili ni mada na majadiliano ya vikundi. Siku ya tatu asubuhi ni maazimio, na chini kabisa ya karatasi, kama bajeti imeruhusu, pameandikwa "ziara ya Bagamoyo". Vijana kutoka Kampala, Lubumbashi, Kigali, Nairobi au Berlin wanapandishwa basi mchana huo wakiwa wamechoka, wengine mabegi yao yameshafungwa. Wanaonyeshwa magofu, mnara na ufukwe, wananunua kikoi au kinyago, na usiku wamesharudi mjini. Kesho yake wanaondoka. Wakifika kwao wataulizwa Tanzania ikoje, nao watajibu.

Jibu hilo nalijali kuliko maazimio yenyewe. Maazimio huingia kwenye faili. Jibu la mwanafunzi huingia chumbani kwake hosteli, mezani kwa wazazi wake, na baadaye kwenye ofisi atakayokuja kukalia, atakapoulizwa kama Watanzania ni watu wa kushirikiana nao au la. Nimekuwa mwenyeji wa vijana wa namna hii kwa muda mrefu, na ninaloliona kila mara ni kwamba picha ya kwanza haijengwi na macho ya mgeni peke yake. Hujengwa na mwenyeji anayetembea naye.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunaitumia methali hii kwa utani, kumkumbusha mgeni kwamba amekaa mno. Lakini jembe lina faida yake kwa mgeni mwenyewe. Akilishika ndipo anapojua shamba liko wapi, nani huamka mapema, nani hasemeshani na nani, na chakula alichokuwa akiandaliwa kilitoka wapi. Kongamano la siku tatu humrudisha mgeni kwao bila kumpa jembe hilo. Anaondoka akiwa bado mgeni wa sebuleni, na sebule kila mtu huipamba.

Mwanafunzi mgeni aliyebaki mpaka akashika jembe tunaye, na habari zake zinajulikana. Mwaka 1967 Yoweri Museveni wa Uganda alikuja kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Alikuja kwa sababu ya siasa za Tanzania: Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari mwaka huohuo, na jiji lilikuwa makao ya vyama vya ukombozi. Alitarajia kukuta chuo kinachowaka. Katika makala aliyoiandika mwaka 1970 kwenye jarida la wanafunzi la Cheche, akieleza miaka yake mitatu Tanzania, alisema wazi kwamba mwanzoni alivunjika moyo. Wanafunzi aliowakuta hawakuwa na ari aliyoifikiria. Laiti angekuwa amekuja kwa kongamano, angeondoka na picha hiyo na kuisambaza. Lakini alibaki. Pamoja na wenzake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walianzisha chama cha wanafunzi cha kimapinduzi, USARF. Mwaka 1968 yeye na kikundi cha wanafunzi wenzake wakaenda kuona maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO huko Msumbiji. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na siasa alizozifuata baadaye, lakini safari ile ya jicho kutoka siku ya kwanza hadi mwaka wa tatu ni somo tosha kuhusu uzito, na udhaifu, wa mtazamo wa kwanza.

Wapo pia waliokuja kwa mkutano tu. Desemba 1969 vijana wa Afrika Mashariki na Kati walikutana Mlimani, kwenye chuo hichohicho, Ukumbi wa Nkrumah, kwa semina. Humo Walter Rodney, mwalimu kutoka Guyana, alitoa mada iliyozishambulia serikali za Afrika zilizopata uhuru, na gazeti la TANU, The Nationalist, likamjibu kwa tahariri kali. Fikiria kijana aliyekuwa ametoka nchi ambayo mwalimu mgeni asingethubutu hata kukohoa mbele ya chama tawala. Aliona nchi inayobishana yenyewe kwa yenyewe hadharani, na aliona pia mwenye nyumba akikunja uso. Mambo yote mawili yalikuwa kweli. Novemba 1970 USARF na Cheche vilipigwa marufuku, na Rodney akaendelea kufundisha hapohapo hadi mwaka 1974.

Mwaka huo wa 1974, kuanzia tarehe 19 hadi 27 Juni, ukumbi uleule ulipokea Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, la kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Miongoni mwa wajumbe kutoka Marekani na Karibea walikuwamo vijana wengi ambao hawakuwahi kukanyaga bara hili. Walikuwa wameijenga Tanzania vichwani mwao kwa miaka, kupitia vitabu, mabango na majina ya Kiswahili waliyowapa watoto wao. Walikuta nchi halisi: yenye ukame, yenye Operesheni Vijiji, yenye kiongozi aliyewaambia kwamba ukandamizaji haupimwi kwa rangi peke yake. Ukumbini walibishana vikali kuhusu rangi na tabaka. Mshairi Amiri Baraka alikuwa mmojawao, na mwaka huohuo alitangaza kuugeukia Umarx. Watu wengine waliotoka kwenye vuguvugu hilo walihamia Tanzania kabisa, wakafundisha shule, wakalima, wakazeeka hapa. Hao ndio nchi iliowapa jembe.

Sasa tupande basi.

Barabara ya Bagamoyo inatoka Mwenge, penye wachonga vinyago, inapita Lugalo, Mbezi na Tegeta, inaacha mlima wa Wazo na kiwanda chake cha saruji upande wa kushoto, inafika Bunju ambako jiji linaishia na Mkoa wa Pwani unaanza. Kisha Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo. Ni kilomita 70 hivi, lakini foleni inaweza kuzifanya kuwa safari ya nusu siku. Wenyeji hutumia muda huo kulala. Wageni hawalali, wanachungulia, na ninachokifanya mimi ni kukaa nao na kusikiliza wanachouliza.

Wanauliza kuhusu nyumba. Kuanzia Tegeta hadi Kerege kuna maelfu ya nyumba zilizosimama nusu: kuta za bloku hazina paa, madirisha ni matundu, ndani umeota mpapai, na juu ya lenta nondo zimeachwa zikichungulia angani. Mwanafunzi mmoja kutoka Ujerumani aliniuliza kwa sauti ya chini, akiogopa kunikera, kama eneo hilo lilipata vita. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kwao nyumba isiyo na paa ni nyumba iliyobomolewa. Alihitaji mtu wa kumweleza kwamba hapo anatazama akiba ya watu. Mwalimu au fundi cherehani hapati mkopo wa nyumba kirahisi, na fedha taslimu haikai nyumbani ikatulia: mtoto ataumwa, shangazi atafiwa. Kwa hiyo fedha hugeuzwa bloku. Mwaka huu msingi, mwakani kuta, miaka miwili kimya kwa sababu mtoto ameingia sekondari, halafu siku moja fundi anaitwa kupaua. Nondo zile zilizobaki juu ni ahadi ya ghorofa ambalo huenda wajukuu ndio watakaolijenga. Nilipomwambia hivyo alibandika uso dirishani na kuanza kuzihesabu. Barabara ileile, nyumba zilezile, zilikuwa zimeanza kuwa habari ya watu wenye mipango.

Basi la ziara kwa kawaida halisimami Kunduchi, na ni hasara. Hapo kuna makaburi ya nguzo ya mababu wa pwani yaliyopambwa kwa bakuli za kauri kutoka China, zilizogandishwa kwenye chokaa. Mwanafunzi anayedhani Mchina amefika Tanzania na barabara za lami angenufaika kusimama pale dakika kumi.

Bagamoyo yenyewe huonyeshwa kwa mtiririko ambao kila mwongozaji anaujua: Kaole na msikiti wake wa karne ya 13, misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, na mbuyu wake wenye kipande cha mnyororo, mnara ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874, Boma la Wajerumani, halafu Karavansarai, kituo cha misafara. Na kwa sababu saa ni chache, vyote huunganishwa kwa uzi mmoja, utumwa. Mgeni anashuka kwenye basi akiwa ameshaandaa uso wa huzuni.

Hapa nataka nieleweke. Utumwa ulikuwepo, watu walipita Bagamoyo wakiwa wamefungwa, wakavushwa kwenda Unguja ambako soko lao lilifungwa rasmi Juni 1873. Hakuna ruhusa ya kulipunguza jambo hilo ili wageni wafurahi. Lakini mwanafunzi akiondoka Bagamoyo na mnyororo peke yake, tumemnyima nusu kubwa ya historia ya mji. Bagamoyo uliishi kwa pembe za ndovu, na pembe nyingi zilifika mabegani mwa watu huru. Wanyamwezi na Wasukuma walikuja kwa mkataba, wakilipwa kwa vitambaa, shanga na waya, kila mmoja akibeba mzigo wa kilo 30 hivi kwa miezi miwili au mitatu kutoka Unyanyembe hadi baharini. Walikuwa na kiongozi wa msafara, walikuwa na bendera na ngoma, na walijua kugoma. Mwajiri aliyewapunja posho aliamka asubuhi akakuta mizigo imewekwa chini. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima juu yao, na kinawaonyesha kama wafanyakazi waliojua thamani ya kazi yao. Msimu wa kiangazi mji huu mdogo ulijaa maelfu ya wapagazi wakisubiri mzigo wa kurudi bara. Ua wa Karavansarai unakumbusha maisha hayo.

Niliwahi kusimama uani hapo na kijana wa Lubumbashi. Alikuwa kimya tangu Kaole. Nilipofika kwenye habari za wapagazi na jinsi njia hii ilivyovuka Tabora na Ujiji, ikapita ziwani hadi Manyema, aliinua mkono kama yuko darasani. Akasema bibi yake ni wa Kasongo. Akasema kwao wanasimulia kwamba Kiswahili kiliingia na misafara, lakini hakuwahi kufikiria kwamba misafara hiyo ilikuwa na mahali ilipoanzia, penye mlango, penye kisima, pa kuweka mguu. Wenzake waliacha kupiga picha wakamgeukia yeye. Kwa muda wa robo saa alikuwa mwenyeji wetu sote.

Alasiri ile tulimwacha aende mwenyewe soko la samaki, karibu na magofu ya forodha ya zamani. Kama kuna darasa la nchi hii lisilohitaji kiyoyozi ni lile. Mashua na ngalawa zinaingia na maji, vijana wanashusha matenga huku maji yakiwafika kiunoni, samaki wanamwagwa mchangani. Dalali anasimama katikati, anainua kolekole mmoja kwa mkia, anaanza: kumi, kumi na mbili, kumi na tano, nani ana kumi na saba? Ukimtazama mnunuzi hutaona mkono ukipanda. Mama mmoja wa kukaanga samaki ananyanyua nyusi tu, dalali ameshaona, bei imepanda. Mwingine anageuza shingo pembeni: amejitoa. Fungu la vibua linaondoka, pweza anafuata, taa anaburuzwa kwa ndoano. Nyuma yao makarai yanachemka juu ya kuni, na aliyenunua dakika tano zilizopita ameshapaa samaki wake, amempaka chumvi na kumtumbukiza kwenye mafuta.

Kijana wetu aliuliza bei kwa Kiswahili cha kwao: "Mama, hii samaki iko bei gani?" Mama hakumcheka. Alimtazama vizuri, akamwuliza, "Umetoka wapi, mwanangu?" Akamwambia. "Kongo! Karibu sana. Basi huyu anaitwa changu, yule chewa, na yule wa mwenzangu usimnunue, wa tangu asubuhi." Alimfundisha kubonyeza shavu la samaki kuangalia wekundu, akampunguzia bei, akamfungia kwenye gazeti. Nilipomwuliza usiku ule, njiani, ni nini atakachokisimulia Lubumbashi, hakutaja mnara wala Boma. Alisema, "Yule mama aliniambia ukweli juu ya samaki wa mwenzake." Sijasikia hotuba ya mgeni rasmi iliyoitangaza Tanzania vizuri zaidi ya hapo.

Wakati mwingine jicho la mgeni linauma, na ni lazima lituume. Msichana wa Kigali alisimama ufukweni, sio mbali na soko hilo, akatazama chupa za plastiki na nyavu chakavu zilizosukumwa na maji hadi mizizi ya mikoko. Hakusema kwa dharau. Aliuliza tu ni siku gani ya mwezi mji mzima unatoka kufanya usafi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Sisi tulifanya hivyo tarehe 1 Juni 2019, na mifuko ilipungua kweli, lakini chupa zimebaki. Vilevile wapo wanaouliza kwa nini nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, zenye milango ya nakshi na boriti za mikoko, zinaachwa zianguke mvua hadi mvua, wakati Tanzania iliiweka njia hii ya misafara kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunapenda kuisema methali hii tukimaanisha kitoweo kinachopikwa mgeni akija. Na mwenyeji hupona pia anapoulizwa alichokwisha kukizoea, mradi asikasirike kabla hajajibu.

Kuna mambo ambayo ziara ya saa nne haiwezi kuyagusa kabisa. TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ni mojawapo. Ilianzishwa mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa, na tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya themanini inaandaa tamasha ambalo limekuwa la kimataifa. Hapo vijana wa Kiganda, Kinorwe na Kimakonde wamepiga ngoma pamoja, kwa siku nyingi, wakila sahani moja. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka ilimba na zeze majukwaa ya dunia, aliishi mjini hapa hadi alipofariki Desemba 2003, na ukoo wake umeendelea na kazi hiyo. Mwanafunzi aliyekaa wiki moja TaSUBa akijifunza mguu mmoja wa ngoma anarudi kwao na kitu mwilini. Ndiyo maana naona tamasha lile linawafundisha wageni nchi hii kuliko semina nyingi za jijini.

Watu wa Bagamoyo wenyewe, na waliopita hapa, wanaujua ugeni kwa pande zote mbili. Hili ningependa kila mwongozaji alisimulie chini ya mnara wa Livingstone badala ya kurudia habari za mmisionari peke yake. Miongoni mwa waliouleta mwili ule kutoka kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, pamoja na watumishi wake Chuma na Susi, alikuwamo kijana Myao aliyeitwa Jacob Wainwright. Aliokolewa utumwani na kusomeshwa na wamisionari Nasik, India, na ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti pale moyo wa Livingstone ulipozikwa. Aliandika shajara ya safari ile, akasindikiza maiti hadi Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza Westminster Abbey. Msomi kijana, katika nchi asiyoijua, akitazamwa na umati uliokuwa na picha yake tayari vichwani mwao.

Na yupo Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, Bagamoyo, ambaye jina lake lingepaswa kuandikwa kwenye ubao wa kila basi la ziara. Alikuwa mwanachuoni aliyesomea hapa. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Wanafunzi wake walikuwa Wajerumani waliojiandaa kuja kutawala na kufanya biashara katika Afrika Mashariki. Kwa maneno mengine, wageni wale walianza kuiona nchi yetu kupitia mtu wa Bagamoyo, wakiwa bado kwao. Kitabu chake, Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, kinaeleza kuzaliwa, unyago, harusi, ngoma, adabu, deni, maziko, mambo ya nyumbani ambayo mgeni wa siku tatu hayaoni. Mtoro alielewa mapema kwamba anayetaka mgeni aione nchi kwa haki lazima amweleze yaliyomo ndani, kwa undani, bila haraka.

Yeye mwenyewe hakutendewa haki hiyo. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 walipanda meli kurudi Bagamoyo. Walipofika Dar es Salaam, serikali ya kikoloni ilikataa Bertha ashuke akiwa mke wa Mwafrika. Mtu wa Bagamoyo, kwenye bandari ya kwao, akazuiwa kuingia na mkewe. Walirudi Ujerumani, na Mtoro aliishi huko hadi alipofariki Berlin mwaka 1927. Kila ninapowasindikiza wanafunzi wa Kijerumani hadi Dunda nawasimulia habari hii, na ninawapa muda wa kukaa nayo. Wengi hawajawahi kuisikia. Nadhani wakirudi Berlin, mitaa yao inakuwa na mkaazi mmoja zaidi.

Kwa hiyo ninalolipendekeza ni dogo, na halihitaji mfadhili. Ziara ya Bagamoyo iwekwe kabla ya ufunguzi. Wageni wapelekwe wakiwa na nguvu, walale huko usiku mmoja, na wawe wameshaona na kuuliza kabla hawajakaa ukumbini kusikiliza mada kuhusu uchumi, mazingira au umoja wa Afrika. Mjadala wa akiba na mikopo utakuwa mwingine kabisa kwa watu walioona nondo za Kerege. Mjadala wa bahari utakuwa mwingine kwa aliyesimama mnadani. Kila mgeni apewe mwenzake wa rika lake, mwanafunzi wa TaSUBa au wa sekondari ya hapohapo, na wawili hao wapewe kazi ya kufanya: kununua samaki na kumpika, kumtafuta mzee mmoja na kumwuliza swali moja, kupima kwa hatua zao ukubwa wa ua wa Karavansarai. Waongozaji wa mji walipwe ujira wa kazi ya kitaalamu, kwa sababu ni kazi ya kitaalamu. Kwa sasa wengi hutegemea bakshishi ya wageni walio na haraka. Na waandaaji waache kumficha mgeni yale yanayotuaibisha. Ataona tu. Afadhali ayaone akiwa na mtu wa kumjibu.

Najua litakalosemwa: ratiba imebana, mgeni rasmi ana nafasi siku ile tu, hoteli imelipiwa jijini. Yote haya hupangwa na watu, na watu wanaweza kuyapangua.

Na wewe mwanafunzi wa Tanzania unayesoma sura hii, usisubiri kuteuliwa kwenye kamati ya mapokezi. Mwenzako wa Bujumbura, Mombasa au Oslo akifika chuoni kwenu kwa mkutano, mtafute siku ileile ya kwanza. Mpeleke kwa mama lishe unakokula wewe, mpandishe daladala, mwonyeshe unapoishi hata kama chumba ni cha kupanga na mnalala wawili. Akiuliza swali gumu, mjibu unachokijua, na usichokijua mwende mkamwulize anayejua. Kisha na wewe mwulize habari za kwao.